Umeme Kwanza, Mashine Baadaye: Kwa Seremala Anayetaka Kukuza Karakana

Swali hili hunifikia kila mara, linabadilika mji na kiasi cha fedha tu. Fundi wa Keko ya Dar es Salaam, fundi wa Mwanza, fundi wa Gikomba kule Nairobi, wote wananiambia: "Nimejikusanyia hela kidogo, nataka kuachana na hii meza ya kuchomelewa yenye bledi juu. Ninunue mashine gani?" Nikiwauliza kama wana umeme wa njia moja au njia tatu, wengi wananyamaza. Nikiuliza mlango wa karakana una upana gani, wanainuka kwenda kuupima.

Nimeona mashine nzuri zikikaa nje chini ya turubai kwa miezi, mwenye nazo anadaiwa marejesho, na nyaya za kuziwasha hazijavutwa. Inaniuma kila ninapoona, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya miaka mitatu ya kujinyima. Ndiyo maana hapa ninaanza na mambo yanayotangulia ununuzi, na mashine yenyewe inakuja baadaye.

Ninamwandikia mwenye karakana ya watu wawili hadi sita, anayetengeneza vitanda, milango, makabati na viti, na anayetumia fedha ya mfukoni mwake.

Daftari la siku 30

Kabla ya kwenda kuulizia bei popote, chukua daftari. Kwa siku 30 andika kila kazi ilikaa wapi na kwa muda gani: kupasua, kunyoosha, kusawazisha unene, kutoboa vitundu vya maungio, kupiga msasa, kusubiri. Safu ya "kusubiri" iwe kubwa kuliko zote. Humo ndimo utakapokuta jibu.

Waliofanya hivyo kwa uaminifu hugundua mambo kama haya:

- Mashine waliyonayo haina tatizo, visu ni butu. Fundi anasukuma ubao kwa nguvu, mota inalia, mbao inaungua na kuacha alama nyeusi. Seti mbili za visu zenye kupokezana, moja kwenye mashine na moja kwa mnoaji, zinarudisha kasi kwa fedha ndogo kabisa.
- Mbao zinaletwa mbichi. Paini ya Sao Hill inashushwa leo, kesho imeshakuwa mlango, na baada ya mwezi mlango umejipinda. Hakuna mashine inayotibu hilo. Kipima unyevu kidogo cha mkononi kitakusaidia zaidi; kwa samani za ndani mimi sianzi kazi hadi kisome kati ya asilimia 12 na 14.
- Kijana anashinda kwenye foleni ya mashine ya jirani, mbao mabegani, mvua ikinyesha anarudi nazo zimelowa. Hapa ndipo mashine inahitajika kweli.

"Mimi sina haja ya daftari, kazi yangu naijua." Sawa, unaijua. Lakini benki haiijui, wala mshirika wako, na wewe mwenyewe huwezi kutaja kwa kichwa ulilipa shilingi ngapi kuranda mbao mwezi uliopita.

Ipi itangulie

Kama kazi yako ni mbao ngumu, yaani mninga, mkongo, mvule, mtiki, nunua randa ya kunyoosha pamoja na thiknesa kabla ya msumeno mkubwa. Ubao usionyooka unaharibu kila hatua inayofuata: maungio hayakai, droo zinakwama, na unapoupasua unaweza kuubana msumeno ukakurudishia ubao kifuani. Usidhani thiknesa peke yake inanyoosha. Rola zake zinaukandamiza ubao uliopinda, kisu kinapita, na ukitoka upande wa pili unarudi kupinda vilevile, ila sasa ni mwembamba.

Kama kazi yako ni bodi, makabati ya jikoni na ya nguo, mahitaji ni tofauti: msumeno wa meza inayoteleza, na mashine ya kubandika kingo. Hapo randa inaweza kusubiri.

Kombaini, ile yenye msumeno, randa na thiknesa katika mwili mmoja, inafaa sana kwa fundi mmoja mwenye chumba kidogo. Mkiwa watatu mtaanza kugombana. Mmoja anataka kupasua, mwingine amefungua meza ya randa, na kila kubadilisha kunaleta kishawishi cha kuvua kinga na kutoirudisha.

Umeme: hapa ndipo wengi wanapoumia

Tanzania tunapata volti 230 kwa njia moja na volti 400 kwa njia tatu. Kenya ni 240 na 415. Mzunguko ni 50 kwa sekunde kote kuwili. Shika namba hizo kichwani kila unapokwenda kutazama mashine.

Mota ya nguvu farasi 3, yaani kilowati 2.2, kwa njia moja inakula karibu ampea 13 ikiwa kazini. Inapowaka inahitaji mara tano au zaidi ya hizo kwa sekunde chache. Kwa njia tatu mota ya nguvu hiyohiyo inakula karibu ampea 5 kwa kila waya. Kwa hiyo juu ya nguvu farasi 3 usihangaike na njia moja. Taa za mtaa mzima zitafifia kila unapowasha, na mota haitadumu.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kebo nyembamba. Tuseme karakana iko mita 40 kutoka kwenye mita, umevuta kebo ya milimita 2.5. Mota ikiwa kazini unapoteza volti 9 hivi njiani, na hilo linavumilika. Lakini wakati wa kuwasha, ampea zikifika 65, unapoteza karibu volti 47. Mota inapata volti 183 badala ya 230, inanguruma, haizunguki, inachemka. Fundi anasema mashine ni mbovu. Kebo ya milimita 6 ingepunguza upotevu huo hadi volti 19. Watu wamesuka upya mota nzima mara mbili, na mara zote mbili kilichohitajika kilikuwa kebo.

Kuhusu njia tatu, fuata mpangilio huu:

1. Nenda TANESCO uulize kama nguzo iliyo karibu nawe ina njia tatu. Ikiwa haina, gharama ya kuileta inaweza kuzidi bei ya mashine. Ijue kabla.
2. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akuchoree mahitaji: mashine zote za sasa, pamoja na ile unayoitamani baada ya miaka mitatu.
3. Kila mashine iwe na brika yake na stata yake. Usiziunganishe mbili kwenye swichi moja ya ukutani.
4. Waya wa ardhini ufungwe kwenye mwili wa kila mashine, na upimwe kwa kifaa. Kuutazama kwa macho hakutoshi.

Stata nayo isikupite. Iwe na mambo matatu. La kwanza, ikatike yenyewe mota inapozidiwa. La pili, ikatike fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu, inapopotea, kwa sababu mota ya njia tatu ikibaki na mbili itaendelea kuzunguka kwa uchungu hadi iungue, na kwetu fezi kupotea si jambo la ajabu. La tatu ndilo ninalolipigia kelele zaidi: umeme ukikatika na kurudi, mashine isiwake yenyewe hadi mtu abonyeze. Fikiria kijana ameona umeme umekatika, amechukua nafasi hiyo kutoa maranda kwenye ngoma ya visu kwa vidole. Swichi ya kawaida ya ukutani imebaki kwenye "washa". Umeme unarudi.

"Njia tatu haifiki kwangu kabisa." Kwa mashine moja hadi nguvu farasi 3 unaweza kutumia inveta inayochukua njia moja na kutoa njia tatu. Ila fahamu kwamba inveta ya aina hiyo inatoa njia tatu za volti 230, si 400. Mota yenye kibati kilichoandikwa 230/400 ifungwe kwa mtindo wa pembetatu. Ikifungwa kwa nyota itazunguka bila nguvu.

Kibati cha mota

Kila mota ina kibati kidogo cha bati au alumini. Kisome kabla ya kutoa hata shilingi ya usafiri. Mota isiyo na kibati, au yenye kibati kilichopakwa rangi, mimi siinunui hadi nimekikwangua.

Najua kwa nini. Thiknesa yangu ya kwanza ya njia tatu ilitoka Japani. Muuzaji alisema, "Fezi tatu ni fezi tatu, unganisha tu." Kibati kilikuwa chini ya rangi ya kijani iliyopakwa juzi. Tukaunganisha kwenye 400. Ilianza kwa mlio mzuri, mkali, tukafurahi. Haikumaliza ubao wa pili. Ilitoka harufu ya vanishi iliyoungua, kisha moshi mweupe kwenye matundu ya feni. Nilipokwangua rangi kwa kisu nikakuta imeandikwa 200. Japani njia tatu ya viwandani ni volti 200, na mashine zao kuukuu zinazokuja kwetu nyingi ni hivyo. Zinahitaji transfoma, au mota nyingine.

Tazama pia:

- Mzunguko. Mota ya 60 kutoka Marekani, kwenye umeme wetu wa 50, itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kuchemka zaidi ikiwa volti hazijapunguzwa.
- Mwendo. Mota za kawaida ni za mizunguko kama 2,850 au kama 1,430 kwa dakika. Nguvu farasi zinaweza kuwa sawa na mwendo ukawa tofauti maradufu.

Hili la mwendo linadhuru watu. Mota ikiungua, mtu analeta nyingine "ya nguvu farasi ileile" bila kuangalia mwendo. Hesabu ni rahisi: mwendo wa mota, zidisha kwa upana wa puli ya mota, gawa kwa upana wa puli ya ngoma au bledi.

Msumeno wenye mota ya 1,430, puli ya milimita 200 kwenye mota na ya 100 kwenye shafti, unazunguka 2,860. Bledi ya milimita 400 hapo meno yake yanakwenda mita 60 kwa sekunde, ndipo panapofaa. Weka mota ya 2,850 bila kubadili puli: meno yanakwenda mita 119 kwa sekunde. Kila bledi ya maana imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa ubavuni. Ukiupita, meno yanaweza kung'oka, na jino la kabaidi lililong'oka halichagui linakokwenda.

Upande wa pili, randa iliyokuwa na mota ya 2,850 ikipewa ya 1,430 haitamuumiza mtu, lakini itaacha mawimbi kwenye ubao na utalaumu visu bure.

Kukagua mashine kuukuu

Mnaniuliza: mpya nyepesi, au kuukuu nzito ya Ulaya? Kwa randa na thiknesa, mimi huchagua uzito. Chuma cha kumimina kinanyamazisha mtikisiko, na beringi za mashine ya miaka 40 bado zinapatikana kwa namba. Beringi ya 6205 ni ileile popote duniani: tundu milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Ukisikia beringi inalia usiogope mashine. Ogopa mwili uliopasuka.

Beba vitu vitano: rula ya chuma iliyonyooka ya mita moja, karatasi za kawaida za kuandikia, tochi, bisibisi ndefu, na ubao wako mwenyewe wa mninga au mkongo.

1. Mikanda ivuliwe, zungusha ngoma kwa mkono. Ishike ncha zote mbili uitikise juu na chini. Isicheze. Kisha weka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake karibu na sikio huku mwenzako akizungusha polepole. Beringi nzima inavuma kama upepo wa mbali. Mbovu inasaga kama mchanga kwenye meno.
2. Meza. Laza rula, ingiza karatasi chini yake. Karatasi moja ya kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Karatasi tatu zikipita katikati ya meza ya randa, meza imepinda, na kuisawazisha ni kazi ya karakana kubwa ya vyuma. Omba bei ishuke sana au ondoka.
3. Nyufa. Mulika tochi miguuni, kwenye masikio ya boliti na chini ya meza. Tafuta mstari wa rangi tofauti au mshono wa kuchomelea. Chuma cha kumimina kilichochomelewa kwa vijiti vya kawaida huachia tena pembeni mwa mshono.
4. Skurubu ya kupandisha meza. Ipandishe na kuishusha mwanzo hadi mwisho. Ikiwa inagoma sehemu moja tu, huenda ni maranda yaliyoganda na grisi. Ikiwa inateleza, nyuzi zimekwisha.
5. Visu na kabari zake. Kisu kilicholiwa na kunolewa hadi kabari inakishika kwa ukingo tu hakifai hata siku moja.
6. Mtihani wa kazi. Usikubali kuwashiwa mashine tupu. Pitisha ubao wako mgumu. Kwenye thiknesa pitisha vipande viwili vyembamba kwa pamoja, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa, kisha pima unene. Vikitofautiana, uliza kama kuna boliti za kurekebisha. Zikiwepo na zikizunguka, hilo ni jambo dogo.

Muuzaji akisema umeme haupo leo, rudi kesho. Akisema mteja mwingine anakuja jioni na fedha mkononi, mwache aje.

Kuhusu bledi: mvule unaficha mawe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye mti, na mtiki una silika inayokula makali. Kwa mbao hizo bledi ya meno ya kabaidi inajilipa. Na ukisikia mlio umebadilika katikati ya ubao wa mvule, simama uangalie.

Nafasi, sakafu, na mwenye nyumba

Ubao wa futi 12 ni mita 3.66. Unahitaji urefu huo mbele ya mashine na urefu huo nyuma, kwa hiyo zaidi ya mita 7 za wazi. Pakikosekana, elekeza mashine mlangoni au acha dirisha usawa wa meza. Mafundi wengi wanafanya hivyo na inafanya kazi vizuri. Chora karakana kwenye karatasi, kata vipande vya boksi kwa vipimo vya mashine, uvisogeze hadi upate njia.

Zege la unene wa sentimita 10 hadi 15 linatosha kwa mashine ya kilo 500. Sakafu ya saruji nyembamba juu ya mchanga itapasuka, meza itaondoka kwenye pimamaji, na utaanza kuona mbao zinatoka na unene tofauti.

Kuishusha mashine ni kazi ya kupangwa siku moja kabla. Vipande vinne vya bomba la inchi mbili, mbao ngumu za kuwekea, chenibloku, na mtu mmoja tu anayetoa amri. Mashine ivutwe ikiwa chini, isisukumwe kwa juu; randa ndefu yenye miguu myembamba huanguka haraka kuliko unavyodhani. Usifunge kamba kwenye meza wala kwenye ngoma. Funga mwilini.

Wengi wetu tumepanga. Basi usimwage zege wala kuvuta njia tatu kwa maneno ya mdomo. Mwandikiane na mwenye nyumba, mbele ya mashahidi au mwanasheria: nani mwenye mita, gharama za nyaya zinarudije ukihama, mkataba ni wa miaka mingapi. Nimemwona fundi akiongezewa kodi mwezi uleule mashine zake zilipowaka, kwa sababu mwenye nyumba alijua hawezi tena kuondoka.

Kinga sizijadili

"Kinga zinachelewesha kazi." Nimelisikia hili kwa watu ninaowaheshimu. Kuna kijana niliyemfundisha, mikono yake ilikuwa mepesi kwenye nakshi kuliko yangu. Alipoteza vidole viwili kwenye meza ya kuchomelewa, karakana ya mtu mwingine, akipasua kipande cha mkongo kisichozidi urefu wa kiganja. Ilikuwa dakika kumi kabla ya kufunga. Kwa hiyo sitaandika hapa kwa upole.

Mashine yoyote unayoingiza iwe na hivi, au itengenezewe kabla haijawashwa:

- Ulimi wa chuma nyuma ya bledi, mnene kuliko mwili wa bledi na mwembamba kuliko upana wa mkato, usiokaa mbali na meno zaidi ya milimita 8. Huo ndio unaozuia ubao kubana na kurushwa.
- Kofia juu ya bledi.
- Ngoma ya visu ya mviringo. Ngoma ya mraba kwenye randa ya kusukuma kwa mkono inaacha pengo ambalo kidole kinaingia chote. Ukiikuta, usiinunue, na kama unayo itoe.
- Daraja la kufunika visu kwenye randa, linaloshuka hadi karibu na ubao.
- Vijiti viwili vya kusukumia, vimefungwa kamba kwenye mashine visipotee.
- Kitufe chekundu kikubwa cha kuzima, mahali paja linapoweza kukigonga mikono ikiwa kazini.

Glovu usivae kwenye mashine inayozunguka. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 kisipite kwenye randa. Ubao wenye misumari uchunguzwe kwanza, hasa mbao za kubomolea nyumba.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu hata ukiwa na vijana wawili tu. Sajili karakana OSHA, na uwachangie wafanyakazi wako kwenye Mfuko wa Fidia, WCF. Msumeno ukimuumiza kijana wa watu, michango ya jamaa haimtoshi.

Vumbi

Mashine kubwa inatoa vumbi kubwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianya yake. Vumbi la mvule nalo huwapa wengine muwasho wa ngozi na pumu. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii lile laini linaloelea. Tumia barakoa za daraja la FFP2.

Kifyonza vumbi chenye mifuko ndicho bora. Ukiwa huna fedha, anza na boksi la bati chini ya msumeno lenye feni inayotoa nje, mbali na dirisha la jirani, na mwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Maranda uwauzie wafugaji wa kuku, ila yale ya mbao zilizotiwa dawa usimpe mtu wala usiyapikie.

Fedha

Tuseme unalipa jirani 150,000 kwa mwezi kuranda, na kijana anapoteza siku nne kwenye foleni kwa ujira wa 20,000. Jumla ni 230,000. Mashine ikikufikia kwa milioni 6, kila kitu ndani, itajilipa baada ya miezi 26, na bado hujatoa umeme wa LUKU na kunoa. Ukiranda mbao za majirani muda unapungua. Fanya hesabu hii kwa namba za daftari lako, wala usitumie namba za matumaini.

Kwa kila milioni ya mashine, mimi hutenga laki nne za kuizunguka: nyaya, stata, zege, usafiri, visu vya akiba. Fedha ikitosha mashine peke yake, haijatosha.

Mkopo uanze kuuliza shirika la viwanda vidogo, SIDO. Kama mko kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, ulizeni halmashauri kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa ajili yenu. Mkopo wa kila wiki wa mtaani usiugeuze kuwa mashine. Marejesho yataanza kabla zege halijakauka.

Wiki ya kwanza

Angalia mwelekeo wa kuzunguka bledi ikiwa imevuliwa. Ikizunguka kinyume, nati inaweza kujifungua yenyewe. Kwa njia tatu badilishanisha nyaya mbili zozote, basi.

Iendeshe tupu nusu saa, kisha izime, chomoa, na uguse nyumba za beringi. Joto la kuvumilika kwa kiganja ni sawa. Ukishindwa kushika, simamisha: mkanda umekazwa mno, au grisi imejaa, au beringi imekaa upande.

Mikanda mipya hunyooka. Ikaze tena jioni ya siku ya kwanza na mwisho wa wiki. Ikiwa ni mitatu kwenye puli moja, ibadilishwe yote kwa pamoja, kwani mpya mmoja utabeba mzigo wa wenzake wachakavu. Boliti za zege nazo zikazwe upya, kisha rudisha pimamaji kwenye meza.

Chagua mtu mmoja wa kubadilisha visu na mmoja tu wa kushika ufunguo wa stata. Halafu chukua rangi ya mafuta na brashi ndogo, andika ndani ya mlango wa mashine namba za beringi zote, namba ya mkanda, urefu wa visu na upana wa puli. Beringi itakapolia Jumamosi saa kumi jioni, kijana unayemtuma madukani Gerezani, Dar es Salaam, awe amebeba namba hiyo kwenye karatasi.